Nakala ya Madame Simone

Elisabethville, Katuba
Jumapili, 4 Machi 1962

Chanda wangu,

Nimeamua kukuandikia. Tangu Desemba ile ya mabomu, homa ilipokuchukua na barabara zote zimefungwa, sina wa kumweleza mambo ya siku. Mambo yasiyoelezwa hukaa kooni. Hata tonge la bukari halishuki.

Leo dereva wa lori la samaki kutoka Kasenga ameleta salamu za dada yako Nkandu. Msimu wa baridi ukipita atakuja kuondoa matanga na kuchukua vitu vyako. Ndiyo desturi ya kwenu: mali ya mwanamke hurudi kwa ndugu wa tumbo moja. Kwetu Mitwaba ni vingine, lakini nilikuoa nikijua. Nikajibu, sawa. Sufuria, sawa. Kinu, sawa. Vitenge, sawa, ingawa kile cha kijani bado kina harufu yako kwenye pindo.

Dereva akawasha lori. Akalizima. Alikuwa amesahau jambo moja: na kuku.

Si kuku yeyote. Madame Simone.

Wewe ndiye uliyempa jina, enzi zile ukimfulia yule mama Mzungu ambaye kila Jumamosi alirudi kutoka kwa msusi na nywele zimejikunja kuelekea mbele. Manyoya ya kuku huyu ni vile vile, kila unyoya umejikunja, kama mtu anayetembea na upepo mgongoni. Mwenye jina alikimbia Julai ya 1960 na gari na mbwa. Kuku akabaki. Kila jioni anaingia ndani, anapanda kigoda chako karibu na mbabula ya makaa, anajizungusha, anakaa. Mimi naongea. Yeye ananikata maneno, kama wewe.

Simtoi. Lakini hakuna aliyewahi kumkatalia Nkandu akabaki na amani. Basi njia ni moja: nipate kuku wa pili, sawasawa na wa kwanza. Nkandu achukue nakala, mimi nibaki na yule wa asili. Fundi anayeshindwa kutoa nguo mbili zinazofanana na afunge duka.

Sioni mahali mpango huu unapoweza kuharibikia.

Jumanne, 6 Machi

Bahati imekuja yenyewe. Mwalimu Paulin, yule wa mambo ya viumbe kule sekondari, ameleta suruali yake ya kazini. Zipu imekatika. Hana nyingine safi, ikabidi angoje nyuma ya cherehani, amejifunga kitenge chako cha njano. Nilimficha na pazia. Mwalimu asiye na suruali hawezi kuondoka, kwa hiyo nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki, jinsi kiumbe kinavyozaa kinachofanana nacho.

Alifurahi. Wanafunzi wake hawamuulizi kitu, wanaulizana habari za askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, tu.

Akasema ndani ya mwili, katika kila chembe ndogo kuliko tundu la sindano, kuna nyuzi ndefu sana. Kila uzi ni pande mbili zilizoshikana na kusokotwa. Akaomba suruali yake ili anionyeshe. Tazama zipu hii, akasema. Meno ya kushoto yanajua meno ya kulia. Katika uzi ule, meno ni ya aina nne tu, na kila aina ina mwenzake mmoja, haikubali mwingine. Mwili ukitaka kukua, uzi unafunguka kama zipu. Upande wa kushoto unajitafutia kulia kupya. Upande wa kulia unajitafutia kushoto kupya. Mwishoni una zipu mbili, zote sawa na ile ya kwanza.

Chanda, niliacha kusikiliza hapo hapo, kwa furaha. Zipu moja inakuwa zipu mbili! Ndiyo kazi yangu hii.

Mwalimu aliendelea kueleza jambo kuhusu baba na mama, na mafungu, na nusu. Nilikuwa natafuta mafuta ya kulainisha zipu.

Nilichoshika ni hiki: kuku wa manyoya ya kujikunja anataka jogoo wa manyoya ya kujikunja. Mfano ule ule wa karatasi pande zote mbili, nguo haiwezi kutoka tofauti.

Tatizo ni dogo. Jogoo wa namna hiyo yuko mmoja tu mtaani kwetu. Ni wa Abibu.

Jumamosi, 10 Machi

Unamkumbuka Abibu. Fundi wa ng'ambo ya barabara, anayesema babu yake alishona kanzu za wakubwa wa Kasongo, na kwamba mimi nilijifunza kwa kushona magunia. Kazi yake, kusema kweli, ni nzuri. Hilo nakuambia wewe peke yako.

Kumwomba jogoo ni kujishusha. Nikapanga jogoo ajilete. Alfajiri nilimwaga mahindi kutoka uani kwake, nikavuka barabara, nikapita mlangoni kwangu, hadi alipo Madame Simone. Jogoo huyo anaitwa Komanda. Ni mweupe, anatembea kama anakagua gwaride. Alifuata mahindi vizuri mpaka mlangoni. Ndipo ndege ya ONU ikapita chini chini kwenda uwanja wa Luano. Komanda akaruka juu ya meza, akakanyaga koti la harusi la mteja na kulichafua pale pale kwenye ukosi.

Abibu akaja taratibu, mikono nyuma.

"Fundi, jogoo yangu inafanya nini mu nyumba yako? Ilikuja kupimiwa suruali?"

Nikasema ilijileta yenyewe.

"Na mahindi hii yote mu barabara, nayo ilijileta?"

Nikaanza kuufuta ukosi. Akalitazama koti. Akasema Komanda anajua mshono mbaya akiuona.

Ikabidi nimweleze yote: Nkandu, kigoda, nakala. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alimtazama Madame Simone, akasema wewe ulikuwa ukimpelekea mkewe Rabia mayai ya kuku huyu wakati Rabia amejifungua. Sikujua. Hukuniambia.

Halafu akakumbuka kuwa yeye ni Abibu. Jogoo nitapata, akasema, kwa sharti moja. Bango langu la mlangoni limeandikwa LIÉVIN, TAILLEUR NUMÉRO 1, fundi namba moja. Niandike NUMÉRO 2.

Jumatano, 14 Machi

Nimeandika 2. Niliifanya ndogo. Abibu alivuka barabara na brashi yake mwenyewe, akaikuza.

Komanda yuko hapa. Madame Simone alimpiga siku ya kwanza. Siku ya pili alimpiga kidogo.

Alhamisi, 19 Aprili

Vifaranga wanane. Wote wana unyoya laini ule wa vifaranga, huwezi kujua nani ni nani. Umebaki muda wa kungoja tu.

Nilikaa nao jioni nzima. Nilikumbuka jinsi ulivyokuwa ukishika yai mbele ya taa ya mafuta kuona kama lina kitu, na kidole chako kidogo, kile kilichopinda, kimekaa pembeni peke yake kama hakitaki kujulikana kuwa ni cha mkono ule. Hata kikombe hakikukishika. Nilikushonea glovu nyeupe za ubatizo wa mtoto wa jirani, ikabidi nikate kidole hicho upya, na upinde. Bado nina kipande kile cha karatasi.

Jumapili, 27 Mei

Manyoya yametoka. Kaa chini, kama huko mnakaa.

Wanne wamejikunja. Vizuri. Wawili wana manyoya ya kawaida kabisa, yamelala kama ya kuku wa yeyote. Na wawili, Chanda, ni vipara. Manyoya yao yamejikunja mno hata yanakatika yenyewe. Wanatembea uani wakiwa na ngozi nyekundu na vijiti vichache mgongoni, kama wazee waliotoka kuoga.

Nikamwita mwalimu Paulin nimlalamikie. Aliwatazama, akawahesabu, akawahesabu tena. Akanipa mkono kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Moja kwa mbili kwa moja, akasema. Ni sheria, ndiyo hii, inatembea.

Nikamuuliza ni sheria ya nani. Akasema ya mtawa mmoja wa Ulaya wa zamani aliyekuwa akihesabu njegere bustanini. Nikasema mtawa huyo hajui ushonaji.

Akaeleza tena, polepole. Kila kifaranga hupokea fungu moja kwa mama na fungu moja kwa baba. Madame Simone si wa kujikunja mtupu: ana fungu moja la kujikunja na moja la kunyooka. Komanda vile vile. Kifaranga akipata la kujikunja huku na la kunyooka huku, anatoka kama mama yake. Akipata kunyooka mara mbili, ni kuku wa kawaida. Akipata kujikunja mara mbili, yanazidi, yanavunjika. Na nani atapata lipi, hakuna anayechagua.

Nikamwambia mbona alisema ni zipu. Akasema zipu ni namna uzi unavyojinakili ndani ya mwili. Kumpa mtoto ni jambo jingine: unampa nusu tu. Akasema alinieleza haya mwezi wa tatu, wakati mimi natafuta mafuta.

Kati ya wanne waliojikunja, watatu ni majogoo. Wa kike ni mmoja. Ni mweupe, amevaa koti la baba yake.

Madame Simone ni mwekundu.

Ijumaa, 29 Juni

Baridi imeshuka kweli. Asubuhi maji ya ndoo yanauma mikono. Kipara mmoja amekufa. Nilimkuta amejibana ukutani. Nimemzika chini ya mpapai wako.

Yule wa pili alikuwa akitetemeka hata macho. Sikufikiri. Nilichukua mkasi, nikakata ukanda kwenye kitenge chako cha kijani, mwisho kabisa, mahali ambapo Nkandu hatatazama. Nikamshonea koti. Matundu mawili ya mabawa, kifungo kimoja kifuani. Alisimama. Alitembea hatua chache, akajitazama, akaanza kula.

Jioni hii anatembea ndani ya nyumba na nguo yako. Akipita karibu na mbabula, nikitazama kwa pembe ya jicho tu, naona ile rangi ikienda jikoni.

Namwita Kipara. Ni wa kike. Nimemwambia asizoee.

Jumatatu, 16 Julai

Kipara amekua, koti limebana. Nimekata ukanda mwingine.

Kuhusu yule mweupe nimepata suluhisho: mafuta ya mawese na vumbi la tofali. Nimemjaribu leo. Ametoka mwekundu mzuri, ila anang'aa kama samaki wa kukaanga. Kisha akaenda kuoga kwenye majivu. Nimemjaribu tena.

Abibu alikuwa ameketi mlangoni kwake, anatazama. Akapaza sauti kuuliza kama siku hizi nampika kuku akiwa mzima.

Jumamosi, 18 Agosti

Nkandu amefika, na kikapu cha samaki wa kukaushwa, na blauzi nyeupe. Alikaa njiani muda mrefu, vizuizi kila mahali, kila askari anataka kuonja samaki.

Nilijitayarisha. Yule mweupe nilimpaka alfajiri. Madame Simone nilimpeleka kwa Abibu afichwe. Kipara nilimfungia chumbani.

Nkandu alinipaka unga kichwani, akanifunga ushanga mweupe mkononi, akasema maneno ya kwenu ambayo ulinifundisha nusu. Nusu niliyoijua ilinitosha kulia. Tukala. Halafu akaomba vitu. Nikaleta sufuria, kinu, vitenge. Mwisho nikaleta kuku.

"Huyu njo Madame Simone," nikasema.

Alimpokea, akamkumbatia kifuani.

Chanda, blauzi ile.

Alimweka chini. Alitazama kifua chake, akatazama viganja vyake, akanusa. Na wakati huo huo, kwa kuwa jua lilikuwa linashuka, Madame Simone wa kweli akaruka ukuta wa Abibu, akavuka barabara, akaingia mlangoni bila kumsalimia mtu, akapanda kigoda chako, akajizungusha, akakaa.

Chumbani Kipara akawika kama jogoo, ingawa si jogoo.

"Mulamu, shemeji yangu," akasema Nkandu, "miye nilikuja kutoa matanga, sikuja kutoa kuku rangi."

Nikaanza kueleza. Nilieleza zipu. Nilieleza mafungu mawili, la kujikunja na la kunyooka, na mtawa wa njegere. Nilisikia mwenyewe kwamba sielewi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni, na mabega yakaanza kumtikisika. Kisha akacheka. Ni kile kicheko chako, kile kinachoanza kwa kukosa pumzi. Sikuwahi kukijua kuwa ni cha kwenu. Nilidhani ni chako tu.

Akasema mama yake Madame Simone alikuwa kuku wake yeye, kule Kasenga, na ulitoka kwake na yai mfukoni. Ana uani tele wenye manyoya kama haya.

"Kuku ya dada yangu nilijua itakuwa ilishaliwa. Bantu banaume bakibaki peke yabo, banakula kila kitu. Na weye ulikalia mayai yake kama kuku."

Akasema Madame Simone abaki. Mtu aliyempaka kuku mawese kwa ajili ya ndugu yake, hamnyang'anyi.

Nilitaka kumpigia magoti. Lakini akaongeza: desturi ni desturi. Hawezi kurudi na sufuria na nguo tu. Lazima arudi na kitu kimoja chenye pumzi kilichotoka kwako.

Nikampa yule mweupe. Alikataa, akasema huyo amechafua vya kutosha. Nikampa majogoo. Alisema majogoo anao.

"Na ule unalia mu chumba?"

Nikasema ule ni mgonjwa. Ule hana manyoya. Ule hafai.

Akafungua mlango mwenyewe.

Kipara akatoka na koti lake. Nkandu akaliona. Alikijua kitenge kabla ya kumjua kuku, maana mlikinunua pamoja. Akachuchumaa. Akamnyanyua kwa mikono miwili, akamshika mbele ya taa, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Kidole chake kidogo kilikaa pembeni, kimepinda, peke yake.

Miaka yote ile nimekula mezani na Nkandu na sikuwahi kutazama mkono wake.

"Huyu iko na nguo ya kwetu," akasema. "Tutaenda naye."

Sikuweza kusema hapana.

Jumapili, 19 Agosti

Lori limeondoka asubuhi. Kipara alikaa mapajani kwa Nkandu, kichwa nje ya dirisha. Nilimpa koti la akiba na kifungo cha ziada. Nilimwonyesha Nkandu jinsi ya kulegeza matundu ya mabawa. Akasema anajua kumvalisha mtu.

Madame Simone amekaa kigodani. Nimepata nilichotaka. Nyumba ni kimya vibaya sana.

Jumatano, 22 Agosti

Mwalimu Paulin amerudi, zipu ile ile. Kitenge cha njano kimekwenda Kasenga, nimemfunga kwa kitambaa cha meza. Alimuulizia Kipara. Nikamwambia.

Akashika kichwa. Akasema Kipara ndiye aliyekuwa na mafungu mawili ya kujikunja, hana jingine la kutoa. Angepandishwa na jogoo wa manyoya ya kawaida, kila kifaranga, bila kukosa hata mmoja, angetoka Madame Simone. Nakala zote nilizozitaka zilikuwa ndani ya koti lile.

Nikashona zipu yake. Nikamwambia sitaki tena Madame Simone. Ninaye. Ninayemtaka ni Kipara.

Akasema basi ni kurudi kwa Komanda, lakini nisikilize vizuri: kipara ni mmoja kati ya wanne, tena kwa bahati, tena labda asitoke kabisa. Safari hii nimemsikiliza mpaka nukta ya mwisho. Sikugusa hata chupa ya mafuta.

Jioni nimevuka barabara. Abibu amekubali. Sharti lake: bango liandikwe NUMÉRO 3. Nikamuuliza namba mbili ni nani, mafundi tuko wawili tu. Akasema namba mbili ni Komanda.

Nimeandika 3, na niliiandika kubwa mwenyewe, asije na brashi.

Sasa kitenge cha kijani hakipo, lakini chini ya meza nimekuta mabaki, yale niliyokata na kusahau kutupa. Ukiyaunganisha kwa akili yanatosha. Komanda yuko uani, amepigwa mara moja tu, ishara njema. Mwalimu anaweza kusema mmoja kati ya wanne. Yeye ni mtu wa njegere. Mimi ni mtu wa vipimo, na nimeshashona makoti manane, la kila kifaranga ajaye.

Madame Simone amenikata maneno hapa, anataka taa izimwe.

Chanda, ukimwona huko yule kipara mdogo wa chini ya mpapai, mfunike. Na mimi unikumbuke.

Liévin wako